SHEVALIE ASIYEKUWA NA UPANGA
Hotuba juu ya Vita vya Musalaba na Mutakatifu Fransisko wa Assisi, iliyosomwa mbele ya Wakristu katika juma la Yubile ya Parokia



Tumeombwa kusema juu ya mambo ya zamani ya Eklezya. Tungeweza kuchagua habari tamu tu, kwa kuwa siku ya Yubile ni siku ya shangwe. Lakini Yubile si ngoma na chakula peke yake. Katika kitabu cha Walawi, mwaka wa 50 ni mwaka wa kurudisha mashamba kwa wenyewe na wa kuwaachia watumwa uhuru. Na mutu hawezi kurudisha kitu kama hajakubali kwanza kuhesabu alichokitwaa. Ndiyo maana tumechagua sura moja ya safari ya Eklezya, sura yenye damu nyingi na yenye nuru moja kubwa: Vita vya Musalaba.

Kuna sababu ingine tena. Maneno ya vita yamo ndani ya nyumba yetu, nasi tumeyazoea. Tunao Walegio wa Maria. Na legio, kwa Waroma wa zamani, lilikuwa jeshi la maelfu ya askari. Wazee wengi waliosoma katika misioni wanakumbuka vilevile chama cha watoto kilichoitwa Croisade Eucharistique. Mutoto wa chama kile hakushika mukuki. Alisali, alikomunika, akamutolea Yezu sadaka zake ndogo. Lakini jina la chama chake lilitoka vitani. Inafaa tujue lilitoka wapi, na namna gani lilivyosafishwa.

1. Mashevalie na musalaba wa kitambaa

Shevalie alikuwa askari mupanda farasi wa Ulaya ya zamani. Farasi wa vita, koti la chuma, kofia, upanga, mukuki na ngao vilidai mali nyingi. Kwa hiyo wengi wao walikuwa wana wa watu wenye mashamba na ukubwa. Tangu utoto kijana alimutumikia shevalie mwenye kukomaa, akatunza farasi na silaha zake, mpaka siku alipovalishwa upanga mbele ya watu. Alifundishwa kuwa mwaminifu kwa bwana wake, na kuwachunga wajane na maskini. Mafundisho yalikuwa mazuri. Lakini mara nyingi wajane na maskini ndio walionyanganywa mali yao wa kwanza, hata Maaskofu wa karne ya 11 wakaanza kuwalazimisha mashevalie waapishwe kwamba watatuliza silaha angalau siku fulani za juma.

Tarehe 27 Novemba 1095, katika muji wa Clermont, inchi ya Ufaransa, Papa Urbano II aliwaita watu wale waache kuuana wao kwa wao, waende Mashariki. Kaisari wa Konstantinopoli, Alexios, alikuwa ameomba musaada, na habari za taabu za wahaji wa Yeruzalemu zilikuwa zimeenea. Papa aliahidi kwamba safari ile, kama ikifanywa kwa ibada na si kwa kutafuta sifa au feza, itahesabiwa kuwa malipizi ya zambi. Waliokubali walishona musalaba wa kitambaa juu ya nguo zao. Kutoka musalaba ule wa kitambaa lilizaliwa jina la vita vyote vilivyofuata.

Wapendwa, tusidhani kwamba wote walikuwa wanyanganyi. Wengi waliuza mashamba yao, wakaacha bibi na watoto, wakafa kwa njaa na kiu njiani, kwa sababu walipenda kulia machozi juu ya kaburi la Bwana. Hata hivi matendo yanasema. Katika mwaka 1096, mbele ya kufika mbali, vikundi vingine vya safari viliwaua Wayahudi wa Worms na wa Mainz. Tarehe 15 Julai 1099, Yeruzalemu ilitwaliwa, na watu wengi, Waislamu na Wayahudi, waliuawa ndani ya kuta zake. Ndipo washindi wakaenda kusali penye kaburi la Yule aliyewaombea musamaha waliomuua.

Katika miaka iliyofuata mashirika mawili makubwa ya mashevalie watawa yalisimama. Wahospitalieri walianza kwa kutunza wahaji wagonjwa katika Yeruzalemu, na Papa alithibitisha nyumba yao katika mwaka 1113. Nyuma walishika silaha pia. Watempla walianza karibu na mwaka 1120 kwa kulinda njia za wahaji. Watempla walifutwa katika mwaka 1312. Wahospitalieri wangali wako, wakiitwa Shirika la Malta. Hawapigani tena, wanawatunza wagonjwa, na kazi yao imefika hata katika inchi yetu ya Kongo. Muangalie vizuri jambo hili: mukono ulioosha vidonda umedumu kuliko mukono ulioinua upanga.

Tarehe 2 Oktoba 1187 Sultani Saladini alitwaa tena Yeruzalemu. Hakuwaua watu wa muji. Alikubali wajikomboe, dinari 10 kwa mwanaume na dinari 5 kwa mwanamuke. Lakini waliokosa feza walipelekwa utumwani. Na katika Aprili 1204, jeshi lenye musalaba juu ya mabega halikufika hata Yeruzalemu: liliangukia Konstantinopoli, muji wa Wakristu, likaunyanganya, likaingia hata makanisani kuiba vyombo vya altare. Ndugu zetu Waorthodoksi hawajalisahau jambo lile.

2. Kijana aliyetaka sifa ya vita

Wakati uleule, katika Assisi, inchi ya Italia, kulikuwa kijana mumoja aliyeota kuwa shevalie. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mufanya biashara wa vitambaa, mutu wa mali lakini si wa ukoo mukubwa. Kwa kijana namna ile upanga ulikuwa mulango wa heshima. Katika mwaka 1202 watu wa Assisi walipigana na watu wa Perugia, muji wa jirani. Vijana wa Assisi walishindwa, na Fransisko akafungwa karibu mwaka muzima. Alirudi nyumbani mugonjwa.

Je, aliacha hamu ya vita? Hapana. Karibu na mwaka 1205 alinunua silaha nzuri, akapanda farasi, akashika njia ya kusini kusudi ajiunge na jeshi la shevalie Gautier wa Brienne. Alifika Spoleto tu. Kule, usiku, wanasema wale walioandika maisha yake, alisikia sauti ikimuuliza kama inafaa zaidi kumutumikia bwana ao mutumwa. Asubuhi akageuza farasi, akarudi kwao, na watu bila shaka walimucheka.

Muone, enyi vijana: Fransisko hakuwa muoga aliyekosa nguvu ya kupigana. Alikwisha kuonja vita, alikwisha kuonja gereza. Hakuacha hamu ya ushujaa. Alimubadilisha bwana tu. Mpaka mwisho aliwasifu mashujaa wa zamani, akawaita ndugu zake mashevalie wa meza ya duara. Lakini silaha za jeshi lake zilikuwa kanzu moja, kamba, na miguu mitupu.

3. Mbele ya Sultani

Katika Mutaguso wa Laterano wa mwaka 1215 Papa Inosenti III aliita vita vingine vya musalaba. Safari hii wakubwa waliamua kushambulia Misri kwanza, wakifikiri: tukishika Misri, tutapata Yeruzalemu. Mwezi wa Mei 1218 jeshi likafika Damietta, penye muto Nili unapoingia baharini. Mukubwa wa mashevalie alikuwa Jean wa Brienne, ndugu ya Gautier yule ambaye Fransisko alitaka kumufuata zamani. Papa mupya, Honorio III, alimutuma Kardinali Pelagius kuwa mujumbe wake.

Muji ulizungukwa zaidi ya mwaka moja. Tauni na njaa viliua ndani ya kuta na inje ya kuta. Sultani muzee alikufa mwezi wa Agosti 1218, na mwana wake, al-Malik al-Kamil, akashika utawala wa Misri.

Katika mwaka 1219 Fransisko akafika kambini. Aliwaona askari wenye musalaba juu ya nguo wakicheza kamari, wakigombea mali, wakitukana. Tarehe 29 Agosti Wakristu walijaribu kushambulia kambi ya Waislamu. Walirudishwa nyuma na maelfu wakafa. Nyuma ya siku ile ya maombolezo mapatano madogo yalifanywa, na ndani ya kimya kile cha silaha Fransisko alimwendea Kardinali kuomba ruhusa ya kuvuka. Mwandishi mumoja wa siku zile anasimulia kwamba Kardinali hakutaka kuwatuma, kwa kuwa alijua hawatarudi. Mwishoni akawaachia waende kwa shauri lao wenyewe.

Basi watu wawili, Fransisko na bruda Illuminato, bila silaha, bila zawadi, bila barua ya mufalme, wakavuka mpaka kati ya majeshi mawili. Walinzi waliwakamata. Fransisko akasema kwamba yeye ni Mukristu, na kwamba anataka kusema na Sultani.

Jacques de Vitry, Askofu wa Akri, alikuwa kambini wakati ule, na barua yake ya mwaka 1220 ingali iko. Anatuambia kwamba Fransisko alihubiri siku kadhaa mbele ya Waislamu, lakini matunda yalikuwa machache. Kwamba Sultani alimwomba kwa siri amuombee kwa Mungu, kusudi aonyeshwe dini inayomupendeza. Na kwamba alimurudisha salama kwenye kambi ya Wakristu. Watu waliongeza habari nyingi nyuma, kama ile ya Fransisko kutaka kuingia motoni kusudi ahakikishe imani yake. Hatuhitaji kuongeza. Habari fupi ya Askofu inatosha kutushangaza.

Fransisko hakumugeuza Sultani. Sultani hakumugeuza Fransisko. Hakuna aliyeficha imani yake. Na hata hivi, katikati ya vita ambamo kila upande uliita upande mwingine adui za Mungu, watu wawili walikaa, wakasikilizana, wakaachana kwa heshima, na kila mumoja alimwona mwenzake kuwa mutu mwenye kusali. Siku zile, jambo lile lilikuwa gumu kuliko kuvunja ukuta wa Damietta.

4. Upanga ulileta nini?

Sultani alikuwa ametoa neno la ajabu: Wakristu watoke Misri, naye atawarudishia Yeruzalemu na karibu inchi yote ya zamani, isipokuwa ngome mbili za ngambo ya Yordani. Jean wa Brienne alitaka kukubali. Kardinali, Watempla na Wahospitalieri walikataa. Walitumaini kushinda kabisa.

Tarehe 5 Novemba 1219 wakaingia Damietta. Hawakukuta jeshi la kupigana nalo. Walikuta nyumba na njia zilizojaa maiti. Katika Julai 1221 jeshi likapanda kuelekea Kairo, wakati ambapo maji ya Nili yanaongezeka kila mwaka. Wamisri wakafungua mifereji, mashamba yakawa ziwa, na jeshi zima likanaswa katika matope bila chakula. Mwisho wa Agosti wakajitoa, na Damietta ikarudishwa bure.

Na hapa tunamuona tena al-Kamil. Aliweza kuwaacha wafe. Badala yake aliagiza wapewe mukate. Padri Oliver, mutu wa inchi ya Ujeremani aliyekuwa kati ya wale wenye njaa, aliandika kwa kumushukuru: watu ambao wazazi na ndugu zao waliuawa na sisi, ndio waliotulisha tulipokuwa tunakufa. Ndio maana ya maneno yake. Je, siku ile nani aliyetimiza amri ya Yezu ya kumulisha adui mwenye njaa?

Tarehe 18 Februari 1229 Kaisari Frederiko II alipata Yeruzalemu kwa mapatano na al-Kamil yuleyule, bila kupigana. Katika mwaka 1244 ilipotea tena. Tarehe 18 Mei 1291 Akri, muji wao wa mwisho mukubwa, ukaanguka. Miaka karibu 200 ya vita ilikwisha, na kaburi la Bwana lilikuwa pale lilipokuwa.

Lakini watoto wa Fransisko walibaki. Katika kanuni aliyoiandika katika mwaka 1221, Fransisko aliwaonyesha ndugu wanaokwenda kwa Waislamu njia mbili. Ya kwanza: wasifanye ugomvi wala mashindano, wajishushe chini ya watu wote kwa ajili ya Mungu, na waseme wazi kwamba wao ni Wakristu. Ya pili: wakiona kwamba inampendeza Mungu, walihubiri Neno. Kwa njia hizi walirudi Yeruzalemu, bila farasi. Katika mwaka 1342 Papa Klementi VI aliwakabizi rasmi ulinzi wa mahali patakatifu. Leo tena Wafransisko wanasoma Misa penye kaburi la Bwana, pamoja na Wagreki na Waarmenia wenye zamu zao. Wale waliotaka kulitwaa kaburi kwa nguvu wamepotea. Wale walioomba ruhusa ya kusali wangali wako.

5. Musalaba ulipofika kwetu

Mutauliza: habari hizi zinatuhusu nini, sisi watu wa Kongo? Zinatuhusu. Katika mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya biashara ya watumwa iliyoharibu inchi za maziwa yetu, na Wazungu waliita kazi yake croisade. Mbele ya pale alikuwa ametuma watu wenye silaha kusudi wawalinde mapadri na watu waliokombolewa. Mumoja wao alikuwa Kapiteni Joubert, askari wa zamani wa Papa. Alifika Mpala, kandokando ya Tanganyika, katika mwaka 1887. Akajenga kijiji kilichoitwa Saint-Louis, kwa jina la mufalme wa Ufaransa ambaye yeye pia alifika Damietta kwa vita vya musalaba katika mwaka 1249. Alioa mwanamuke wa inchi, Agnes Atakaye, akakaa kati ya watu mpaka kufa kwake katika mwaka 1927.

Hatutaki kumuhukumu mutu yule. Wazee waliookoka munyororo wa utumwa nyuma ya bunduki zake walijua deni lao kwake. Lakini tujiulize: imani ilishika mizizi kwa nguvu ya nani? Bunduki iliweza kulinda kijiji usiku mumoja. Haikuweza kumufundisha mutoto kufanya alama ya musalaba. Kazi ile ilifanywa na wakatekista waliotembea kwa miguu, na wamama waliosali na watoto wao jioni. Na tarehe 21 Julai 1917, katika misioni ya Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya watu wa Kongo. Siku ile ndipo musalaba ulikuwa musalaba wetu, si wa mugeni tena.

6. Neno la mwisho

Eklezya haikuficha majeraha yake. Tarehe 12 Machi 2000, mwaka wa Yubile kubwa, Papa Yohane Paulo II aliomba musamaha mbele ya Mungu kwa makosa ya Wakristu waliotumia nguvu kwa kudai kutetea ukweli. Katika Mei 2001 aliomba musamaha katika Athene kwa mambo ya Konstantinopoli. Na tarehe 4 Februari 2019, miaka 800 nyuma ya Damietta, Papa aliyechukua jina la Fransisko alitia sahihi pamoja na Imamu mukubwa wa al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, barua ya udugu wa watu wote.

Sisi tunaoishi upande huu wa Kongo tunajua harufu ya vita. Tumezika, tumekimbia, tumerudi, tumejenga tena. Kila mara alikuja mutu kuwaambia vijana wetu kwamba bunduki italeta heshima, kwamba kabila ao Mungu mwenyewe anawahitaji vitani. Enyi vijana, yeye anayewaambia hivi anauza bidhaa ya zamani. Kijana wa Assisi aliinunua, na silaha na farasi wake, akairudisha Spoleto. Kama munatafuta ushujaa, uko: kuvuka kwenda kwa jirani unayemuogopa, kumwambia wazi wewe ni nani, kumusikiliza, na kumupa mukate siku anapoanguka matopeni.

Nasi sote, katika Yubile hii, tuangalie musalaba tunaouvaa. Ukiwa wa kitambaa tu, utachanika. Ukiwa katika moyo, hautahitaji upanga wa kuulinda. Wazee wetu waliupokea hivyo, wakatuachia. Tuwaachie watoto wetu hivyohivyo.

 Bwana atupatie amani yake. Amina.